Uzito Unaookoa

Mgeni anayefika Mbozi kwa mara ya kwanza hupelekwa kuona kimondo. Ni haki yake kukiona. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16, lililoanguka kutoka angani na kutulia kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, hata likaja kujulikana kwa watu wa nje mwaka 1930. Watu hulizunguka, huligusa, hupiga picha, na wengi hulitaja jina la Mungu bila kuambiwa na mtu.

Lakini katika wilaya hiyohiyo, mkoani Songwe, kata ya Ihanda na majirani zake, ipo ajabu nyingine isiyo na kibao wala mlinzi. Imo ndani ya kamba. Mkulima wa kahawa akipanda mti wa kivuli kupunguza matawi, mrina asali akiukwea mti kuufuata mzinga, mkusanya mbegu akipanda mti mama kuchuma matunda kabla hayajapasuka, uhai wake wote huning'inia kwenye nyuzi zilizosokotwa. Ukiuliza kwa nini haanguki, utaambiwa: kamba ni imara. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu. Kamba imara isiyo na kitu cha kuishika ni njia tu ya kuteremkia chini. Kinachomshika mpandaji ni msuguano, na msuguano huo hutokana na uzito wake mwenyewe. Kitu kilekile kinachomvuta kwenda chini ndicho kinachomzuia asiende.

Hilo ndilo nitakalolizungumzia, kwa kuwa naamini ni miongoni mwa sheria zenye rehema kubwa ambazo Muumba ameziweka duniani, nasi tunaitumia kila siku pasipo kuitazama.

Sukari iliyogeuka kamba

Tuanzie mtini. Misitu ya miombo imeenea katika kusini-magharibi mwa Tanzania, kutoka Songwe kuelekea Rukwa na Katavi. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, wakati ardhi ingali imekauka, miti hii huchipua majani mapya yenye rangi ya shaba, kisha huchanua maua madogo. Nyuki huyajua mapema kuliko sisi. Ndiyo maana wazee walisema fuata nyuki ule asali.

Ndani ya jani, kwa mwanga wa jua, hewa na maji, mti hutengeneza sukari. Sukari hiyo husafiri kupitia gome la ndani kwenda kila upande wa mti. Sehemu yake hutoka kwenye maua ikiwa mbochi. Nyuki huinyonya, huivunjavunja kwa vimeng'enya vyake, huipunguza maji, nayo huwa asali. Sehemu nyingine mti hauitoi nje. Huziunganisha chembe za sukari moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, zikawa mnyororo mrefu uitwao selulosi. Minyororo hiyo hulala pamoja ikawa nyuzi, na nyuzi ndizo zinazolipa gome la ndani nguvu yake.

Kwa hiyo asali iliyo ndani ya mzinga na kamba iliyofungiwa mzinga zimetoka kwenye sukari moja. Mti uleule hutoa chakula, hutoa tawi la kutundikia, hutoa gome la kutengenezea mzinga na hutoa kamba ya kukifikia hicho chakula. Mwanadamu akifika hapo anakuta karibu kila kitu kimeshaandaliwa. Kilichobaki ni kukitambua.

Wajuzi wa kazi hii hubandua gome wakati wa mvua, maji ya mti yanapopanda na gome kuachia kwa urahisi. Huondoa ganda gumu la nje na kubaki na utepe laini wa ndani. Tazama mikono ya msokotaji kwa karibu. Ameshika tepe mbili. Anaviringisha kila utepe peke yake kuelekea upande mmoja, halafu anaziachia zote mbili zijizungushe pamoja kuelekea upande wa pili. Kila utepe unataka kujifungua, lakini kujifungua kwake ndiko kunakoukaza ule mzunguko wa pamoja. Nia ya kuachana imegeuzwa kuwa kifungo.

Mwaka 1638 Galileo Galilei aliuliza katika kitabu chake kuhusu sayansi mbili mpya: nyuzi za mimea ni fupi, mbona kamba ya dhiraa mia haichomoki uzi mmoja mmoja? Jibu alilitafuta kwenye msokoto. Ukiivuta kamba, msokoto hukaza; ukikaza, nyuzi hubanana; zikibanana, msuguano huongezeka kiasi kwamba uzi unaweza kukatika kabla haujateleza. Basi hata kabla hatujafunga fundo lolote, ndani ya kamba tupu tayari sheria yetu inafanya kazi: mzigo ndio unaobana.

Na kazi hii ya kubandua gome ina mipaka ambayo mwenye hekima huiheshimu. Gome la ndani ndiyo njia ya chakula cha mti. Ukilibandua kuuzunguka mti mzima, mizizi hukosa chakula na mti hufa. Anayejali kesho huchukua ukanda mwembamba au hutumia tawi linalokatwa kwa kazi nyingine, akauacha mti uendelee kuchanua.

Hesabu iliyofichwa ndani ya mzunguko

Nenda bandarini Tanga au Dar es Salaam utazame meli ikifungwa. Kamba nene hutupwa gatini na kuzungushwa kwenye nguzo fupi ya chuma, na mizunguko michache inatosha kwa mtu mmoja kuzuia kitu ambacho watu mia wasingekizuia kwa mikono. Mwanahisabati Leonhard Euler na mhandisi Johann Eytelwein walitupatia kanuni ya jambo hilo, na kanuni yenyewe inashangaza kuliko meli.

Chukua kamba iliyozungushwa kwenye nguzo, msuguano kati yake ukiwa wa kipimo cha 0.3, ambacho si kikubwa. Shika ncha moja kwa nguvu ya kilo 10. Ukiwa na mzunguko mmoja kamili, upande wa pili utazuia takriban kilo 66. Mizunguko miwili itazuia takriban kilo 434. Mizunguko mitatu itazuia zaidi ya kilo 2,800. Mzunguko hauongezi nguvu juu ya nguvu, unazidisha. Kila pindo hupokea kazi iliyofanywa na pindo la kabla yake na kuizidisha tena kwa zaidi ya mara sita.

Hakuna mashine ndani yake, hakuna mafuta, hakuna umeme. Ni uzi na umbo la duara tu. Kabla Euler hajazaliwa, wavuvi wa pwani walikuwa wakiitumia kanuni hii kuzuia tanga la jahazi. Waliikuta ipo. Aliyeiandika aliisoma tu, hakuiweka yeye.

Fundo lenyewe

Sasa tuirudishe sheria hii kwenye mti. Mpandaji ana kamba kuu iliyopitishwa juu ya tawi imara. Anahitaji kitu ambacho kitapanda naye kirahisi, kisha kimshike mara tu anapotulia. Mwaka 1931 mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, alichapisha maelezo ya fundo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Husimuliwa kwamba alikuwa amelitumia kwanza kutengeneza nyuzi za ala za muziki zilizokatika.

Lifuatilie fundo hili kwa macho. Chukua ugwe wa milimita 8 na uunge ncha zake uwe pete. Uweke nyuma ya kamba kuu ya milimita 12. Pitisha upande wenye kiungo ndani ya pete, uzungushe kamba kuu, upitishe tena, na mara ya tatu. Sasa kuna mizunguko sita, mitatu kila upande, na katikati zinatoka nyuzi mbili za kubebea mzigo. Ipange mizunguko kwa vidole ilale sambamba bila mmoja kupanda juu ya mwingine. Ukilisukuma fundo likiwa tupu, vidole viwili vinatosha kulipandisha. Litundikie uzito wa mtu, nalo linaikaba kamba kuu, linaipinda kidogo mahali pale, na halisogei. Punguza uzito, linaachia. Rudisha uzito, linashika. Halina jino wala kufuli.

Lipo pia fundo ambalo wapandaji wa miti hulifunga kwa mkia wa kamba yao wenyewe. Heinz Prohaska, naye wa Austria, alilieleza mwaka 1981, na Jason Blake wa Marekani, bila kujua habari za mwenzake, alilipata na kulitangaza mwaka 1994. Wengi huliita fundo la Blake. Mkia huzungushwa mara nne kuelekea juu, kisha hushuka, hupita mbele ya kamba inayombeba mtu na nyuma ya kamba kuu, na kupenyezwa chini ya mizunguko miwili ya mwanzo. Watu wawili, nchi mbili, na fundo lilelile. Wanaotafuta kwa bidii hufika mlango mmoja kwa sababu mlango huo ulikuwepo.

La tatu ni Valdôtain tresse, ambalo ugwe wake huzungushwa mara kadhaa juu na miguu yake miwili kusukwa kushuka chini. Sifa yake ni upole: mpandaji akiwa bado ananing'inia, hulisukuma kidogo kwa mkono likamteremsha taratibu. Hutumiwa na anayesogea mara nyingi kati ya matawi.

Kila uzi na kipawa chake

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa jambo la uhai. Fundo hata likiwa sahihi, likifungwa kwa ugwe usiofaa huua.

Unene ndio wa kwanza. Isipokuwa fundo la Blake, linalofungwa kwa mkia wa kamba yenyewe, ugwe wa fundo uwe mwembamba kuliko kamba kuu: kwa kawaida milimita 8 hadi 10 juu ya kamba ya milimita 11 hadi 13. Ukilingana nayo, hauwezi kujipinda vya kutosha, nao huteleza. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, huuma mno, na mpandaji hukwama hewani akihangaika kulifungua. Ulaini pia una neno lake: ugwe mgumu haukumbatii, na ugwe uliolegea sana huchakaa upesi.

Kisha kuna joto. Mtu wa kilo 70 anapoteremka mita 15, nguvu yote ya kushuka kwake hugeuka joto pale fundo linaposugua. Ni takriban jouli 10,000, zinazotosha kuchemsha maji ya vijiko viwili vikubwa. Akishuka polepole, joto husambaa kwenye kamba ndefu na hewani. Akishuka kwa kasi, hukusanyika kwenye sentimita chache za ugwe. Na miti haiishii mita 15. Kwenye bonde moja la Kilimanjaro upo mti wa ukoo mmoja na mkangazi, wenye mita 81.5, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyojulikana Afrika.

Ndiyo sababu lazima tuujue uzi kwa tabia yake. Zile kamba za manila za plastiki, za kijani au buluu, zinazopatikana kwenye maduka ya vifaa, nyingi ni za polipropilini inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, tena ni telezi. Zinafaa kufungia mzigo au mbuzi, lakini mtu asikabidhi uhai wake kwa fundo la msuguano la kamba hizo. Uzi wa kisasa wa polithini, ulio imara ajabu kwa wepesi wake, huyeyuka hata kabla ya hapo, kwenye nyuzi 150 au pungufu. Nailoni na poliesta hustahimili zaidi ya 200. Nailoni hunyumbuka, ikapunguza mshtuko wa mtu anayeanguka. Poliesta hainyumbuki sana, ndiyo maana hupendwa kwa kamba kuu ya mtini. Aramidi haiyeyuki kabisa. Huharibika kwenye joto kubwa zaidi ya hapo. Lakini nayo ina udhaifu: jua huila, na kukunjwakunjwa huivunja ndani kwa ndani. Kwa hiyo ugwe mzuri wa fundo mara nyingi huchanganya aramidi na poliesta, kila uzi ukifunika kasoro ya mwenzake.

Na nyuzi za asili? Katani ina historia yake kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida; vilivyofika pwani ya Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yalikua mashamba ambayo kufikia miaka ya 1960 yalitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Katani haiyeyuki kwa msuguano na hushika vizuri, ila unyevu huiozesha kutoka ndani huku nje ikionekana nzima, hivyo leo hatuiamini tena kumbeba mtu. Usumba wa nazi, kwa upande wake, ulipewa ustahimilivu wa maji ya chumvi. Wazee wa pwani waliyafukia makumbi ufukweni kwa miezi, wakayaponda, wakasokota kamba zilizoshonea mitepe, vyombo vilivyovuka bahari bila msumari mmoja.

Hakuna uzi uliopewa kila kitu, na hakuna uzi ulionyimwa kila kitu. Mwenye hekima hauulizi uzi kwa nini hukuumbwa kama mwingine. Huuliza uliumbiwa kazi gani, akaupeleka huko.

Waliotutangulia kufunga

Kabla ya Prusik, kabla ya jahazi, mafundo yalishafungwa. Mnana dume akianza kiota chake juu ya mti, huchuma utepe wa jani bichi, huukanyagia tawini kwa mguu, huuzungusha kwa mdomo, kisha hupenyeza ncha chini ya mzunguko na kuivuta. Ni fundo hasa, na uzito wa kiota huzidi kulikaza. Wataalamu Nicholas na Elsie Collias waliochunguza ndege hawa kwa miaka mingi waligundua kwamba hupendelea utepe mbichi unaopindika. Tena kinda dume hufunga vibaya mwanzoni. Huvuta, hulegeza, hurudia, mpaka mdomo wake unapokuwa stadi. Kipawa amepewa, lakini mazoezi hakuondolewa.

Tazama pia boga likitambaa kwenye ua, au pasheni kwenye waya. Kikono chembamba hupunga hewani mpaka kiguse kitu. Kikigusa, hujizungusha mara kadhaa, kikashika. Halafu sehemu iliyobaki katikati hujiviringa, nusu upande huu na nusu upande wa pili, ikawa springi inayouvuta mmea karibu na kuupa nafasi ya kuyumba upepo ukivuma bila kukatika. Charles Darwin aliandika juu ya mgeuko huo mwaka 1865. Mmea hauna macho wala mkono, lakini unajua kuzunguka, na mzunguko ukishika, kila mvuto wa tunda linalokua huukaza zaidi.

Na mkwezi wa Unguja na Pemba anayetia kitanzi cha kamba miguuni na kuupanda mnazi, afanya vilevile. Anaposimama juu ya kitanzi, uzito wake huzibana nyayo na kamba kwenye shina. Akijiinua, hulegea, akisimama, hushika. Ndege, mmea na mtu wameisoma sheria moja.

Tunachofundishwa

Zingatia jambo moja ambalo kila mpandaji mzoefu analijua. Uzito humwokoa aliyekwisha kujifunga vizuri. Fundo ambalo mizunguko yake imepandana, au imepungua, au ugwe wake umeng'aa kwa kuungua, likipokea mzigo huteleza, na uzito uleule ambao ungeokoa hugeuka kuwa wa kuangamiza. Fundo halifundishwi angani. Hupangwa, hukazwa na kujaribiwa mtu akiwa karibu na ardhi, miguu ikiwa bado yaweza kukanyaga.

Ndivyo ilivyo hata kwa mizigo mingine tunayobeba: malezi, ugonjwa, deni, msiba. Nimeona watu ambao mzigo uliwashikamanisha na Mungu wao na jamaa zao, na wengine ambao mzigo kama huohuo uliwachomoa. Tofauti haikuwa katika uzito. Ilikuwa katika kile kilichofungwa mapema, siku za utulivu, wakati hakuna aliyekuwa akitazama.

Kwa hiyo wewe unayepanda miti ya kivuli Ihanda, au miti ya asali kwenye miombo, ipitishe kamba yako mkononi yote kabla ya kupanda, futi kwa futi, kwa kuwa kamba hukatikia pembamba. Chagua ugwe kwa unene na kwa joto linalostahimiliwa, wala si kwa bei. Lijaribu fundo chini. Shuka polepole. Unapotumia msumeno, uwe na kamba ya pili inayokushika. Mfundishe kijana mafundo haya, na yule mzee anayejua kusokota gome mwombe amfundishe kijana huyohuyo kabla ujuzi wake haujapotea. Na utakapojiachia kwa mara ya kwanza kwenye fundo ulilolifunga vizuri, ukalisikia likishika, mhimidi Mwenyezi Mungu kwa sauti, kwa maana aliiweka sheria hiyo ikungoje kabla hujazaliwa.